ASKOFU ALIYEITWA MUHAMMAD
Maisha ya Kadinali Léon-Étienne Duval, Askofu Mkuu wa Algiers (1903–1996)

Dini ya Kiislamu imeamrisha ushahidi wa haki, uwe kwa faida ya jamaa au kwa hasara yao, uwe kwa rafiki au kwa mgeni. Na imekataza chuki baina ya watu na watu isije ikawa sababu ya kuacha uadilifu. Kwa ajili hiyo wanavyuoni hawakuona haya kumtaja kwa wema Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliyewapa hifadhi Masahaba walipokimbia mateso ya Makureshi, hali ya kuwa siku alipowapokea alikuwa mfalme wa Kinasara. Mtu ambaye habari zake zinaelezwa hapa si kama Najashi kwa kila jambo. Najashi imepokewa kuwa alisilimu, na Mtume (S.A.W.) akamsalia alipokufa. Huyu alizaliwa Mkatoliki, akaishi padri, akafa Kadinali wa Roma, wala hakuficha hata siku moja imani yake. Lakini yalipowafika Waislamu wa Aljeria yaliyowafika, alisema kweli mbele ya watu wake mwenyewe, na kweli hiyo ilimgharimu. Ushahidi wake ni deni, na deni hulipwa.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Léon-Étienne Duval alizaliwa tarehe 9 Novemba 1903 katika kijiji cha Chênex, upande wa Savoie, katika milima ya mashariki ya Ufaransa. Jamaa zake walikuwa wakulima, watu wa kazi na ibada. Alipoonekana kuwa na akili ya kusoma alitiwa katika seminari, kisha akapelekwa Roma kuendelea na elimu ya dini yake. Mwezi wa Desemba 1926 alipewa upadri. Akarejea kwao akawa mwalimu wa seminari ya Annecy kwa miaka mingi, na katika mwaka wa 1942, wakati Ufaransa imekaliwa na majeshi ya Wajerumani, alifanywa msaidizi mkuu wa askofu wa jimbo lile. Huko aliona kwa macho yake nini maana ya nchi kutawaliwa na wageni, watu kukamatwa usiku, na wafungwa kuteswa ili wataje wenzao. Mambo hayo aliyaona yakitendwa na Wajerumani juu ya Wafaransa. Hakujua kuwa baada ya miaka michache atayaona yakitendwa na Wafaransa juu ya watu wengine.

KUFIKA KWAKE ALJERIA

Mwishoni mwa mwaka wa 1946 Papa alimteua kuwa Askofu wa Constantine na Hippo, na mapema katika mwaka wa 1947 alivuka bahari akaenda kuushika uaskofu huo.

Constantine ni mji wa elimu katika mashariki ya Aljeria. Ndiko alikotoka Sheikh Abdulhamid bin Badis, aliyeanzisha Jumuiya ya Maulamaa wa Aljeria mwaka wa 1931, akawafundisha watu Kiarabu na dini yao wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikitaka visahauliwe. Sheikh huyo alikwisha kufariki mwaka wa 1940. Hippo nao ni mji ambao leo huitwa Annaba, na humo ndimo alimokuwa askofu Augustino, Mwafrika wa ardhi ile ile, aliyekufa mwaka wa 430, na ambaye Wakristo wa Magharibi humhesabu kuwa katika wakubwa wa wanavyuoni wao. Duval alikuwa msomaji wa vitabu vya Augustino, na kutoka kwake alishika fikra kuwa upendo haukatwi na mpaka wa kabila wala wa dola.

Lakini nchi aliyoikuta ilikuwa na jeraha bichi. Tarehe 8 Mei 1945, siku ile ile ambayo dunia ilikuwa ikifurahia kushindwa kwa Wajerumani, Waislamu wa Sétif walitoka kwa maandamano wakiomba uhuru. Pakapigwa risasi, Wazungu kadha wa kadha wakauawa, kisha jeshi na walowezi wakawageukia Waislamu wa Sétif, Guelma na Kherrata wakawaua kwa maelfu. Miji hiyo yote ilikuwa katika jimbo alilokuja kuliongoza Duval. Walowezi wengi hawakutaka tukio hilo litajwe. Askofu mpya alianza kuzunguka katika vijiji, akaona jinsi Waislamu, waliokuwa wengi kwa mbali, walivyokuwa hawana ardhi ya maana, wala kura yenye uzito, wala shule za kuwatosha watoto wao. Na akaona kuwa neno la amani halina maana mahali pasipokuwa na haki.

KITI CHA ALGIERS

Tarehe 3 Februari 1954 alihamishwa akafanywa Askofu Mkuu wa Algiers, mji mkuu. Hapana budi msomaji ajue kiti hicho kilikuwa kiti cha namna gani.

Wafaransa waliuteka mji wa Algiers tarehe 5 Julai 1830. Baada ya miaka miwili waliunyakua msikiti wa Ketchaoua, katika misikiti mizuri ya mji ule, wakaugeuza kuwa kanisa, na hilo ndilo lililokuwa kanisa kuu la askofu. Katika miaka ya 1867 na 1868 njaa kubwa iliwaangamiza Waislamu wengi, na Askofu Mkuu wa wakati huo, Charles Lavigerie, aliwakusanya mayatima akawalea katika Ukristo, jambo ambalo Waislamu wa Aljeria hawakulisahau. Lavigerie huyo ndiye aliyeanzisha mwaka wa 1868 shirika la mapadri ambao nchi za Maziwa Makuu zinawajua vizuri, Mapadri Weupe, waliofika Tabora, Ujiji na Buganda katika mwaka wa 1878 na wa 1879. Kanzu yao nyeupe iliyozoeleka toka Rubaga mpaka Bukavu ilifuata mavazi ya Waislamu wa Aljeria.

Basi Duval alipokaa katika kiti cha Lavigerie, alikaa mahali ambapo kanisa na utawala wa kigeni vilikuwa vimeshikana mikono kwa zaidi ya miaka mia. Waumini wake karibu wote walikuwa walowezi na watoto wa walowezi. Hao ndio waliojaza makanisa yake, na hao ndio waliotazamia kuwa askofu wao atakuwa msemaji wao.

VITA VYA UHURU

Miezi tisa baada ya kufika kwake, tarehe 1 Novemba 1954, wazalendo wa Aljeria walianza vita vya kudai uhuru chini ya chama cha F.L.N. Serikali ikajibu kwa kukamata watu ovyo ovyo, na katika vituo vya polisi wafungwa wakaanza kuteswa kwa maji, kwa umeme na kwa vipigo.

Vita vilikuwa havijatimiza miezi mitatu. Mnamo Januari 1955 Askofu Mkuu alitoa waraka wa kukataza mateso ya wafungwa, akaeleza kuwa mtu hata akiwa mkosa ana heshima aliyopewa na Mungu, na kuwa hapana haja ya dola inayoweza kuhalalisha kuivunja heshima hiyo. Wakati huo wakubwa wengi wa Ufaransa walikuwa wakikana kuwa mateso yapo. Katika mwaka wa 1956 alikwenda mbele zaidi, akasema kuwa watu wa Aljeria wapewe nafasi ya kueleza wenyewe kwa uhuru wanataka kutawaliwa vipi. Maneno hayo, yakitoka katika kinywa cha askofu Mfaransa, yalikuwa kama moto katika majani makavu.

Mapema mwaka wa 1957 serikali ilikabidhi ulinzi wa Algiers kwa askari wa mwavuli wa Jenerali Massu. Ikawa kila usiku milango ya Kasbah inavunjwa na wanaume wanachukuliwa. Paul Teitgen, mkubwa wa serikali aliyekuwa juu ya polisi wa mji ule, naye Mkatoliki aliyewahi kuteswa na Wajerumani, alihesabu watu zaidi ya 3,000 waliochukuliwa wasionekane tena, akajiuzulu. Padri mmoja wa jeshi aliandika karatasi ya kuwatuliza askari nyoyo zao, kwamba ukali wao una udhuru. Msimamo wa Askofu Mkuu ulikuwa kinyume cha karatasi ile: hapana udhuru. Wala hakusema upande mmoja tu. Mabomu yaliyotegwa katika mikahawa yakaua wanawake na watoto wa Kizungu aliyalaani vile vile, na wafu wa pande zote mbili aliwaombolezea. Lakini dhuluma ya mwenye nguvu aliitaja kwa jina lake, naye alikuwa miongoni mwa wenye nguvu hao kwa damu, kwa lugha na kwa dini.

JINA WALILOMPA

Walowezi walighadhibika. Walimwona kuwa msaliti aliyewageuka watu wake. Wakambandika jina la dharau, wakamwita Muhammad Duval. Na jina hilo likaenea katika masoko na barabara za Algiers kama tusi. Alipata vitisho vya kuuawa. Mwaka wa 1961 na wa 1962, jeshi la siri la walowezi, O.A.S., lilipokuwa likiua Waislamu mitaani na kuchoma majumba ili Ufaransa isitoe uhuru, Duval aliwalaani wauaji hao hadharani, wala hakuhama mji.

Hapa yafaa kutua kidogo. Wale walitaka kumtukana mtu, wakatafuta katika lugha zao neno la kumdhalilisha, wasipate ila jina la mbora wa viumbe. Hayo yaonyesha jinsi walivyokuwa wakiwadharau majirani zao, hata jina ambalo baba wa Kiislamu humpa mwanawe kwa mapenzi likawa kwao ni la kumtia mtu aibu. Duval hakulikana jina lile kwa hasira wala hakulivaa kwa majivuno. Waislamu wa Algiers walilisikia, na walijua limetoka wapi na kwa sababu gani. Jina lililotungwa kuwa tusi likawa kwao ni alama ya kumtambua mtu aliyesimama nao siku ya shida.

Waislamu wa Aljeria walikuwa na sababu ya kuujua wema wa namna hii, kwani nao walikuwa na mtu wao aliyeutenda kabla. Amir Abdulqadir, aliyepigana na Wafaransa miaka kumi na mitano, kisha akafungwa na kuhamishwa nchi, alikuwa akiishi Damascus mwaka wa 1860 fitina ilipozuka na Wakristo wakawa wanachinjwa. Amir aliwatoa watu wake na silaha zao, akawaingiza maelfu ya Wakristo katika ulinzi wake. Hakuwauliza kwanza kama ni ndugu za wale waliomnyang'anya nchi. Alifanya aliyoyaona kuwa ni wajibu wa Mwislamu.

BAADA YA UHURU

Vita vilisimama mwezi wa Machi 1962, na tarehe 5 Julai, siku ile ile ya mwezi ambayo mji ulitekwa miaka 132 nyuma, Aljeria ilijitangaza huru. Katika miezi michache Wazungu waliokuwa karibu milioni moja walipanda meli na ndege, wakaondoka. Askofu Mkuu alibaki na makanisa matupu. Yule aliyesema kuwa watu wapewe haki yao sasa aliona haki ile imetimia, na kundi lake limetawanyika kwa sababu hiyo hiyo. Wangapi wangeweza kustahimili jambo hili bila ya kujuta? Yeye hakujuta. Aliona kuwa kanisa lake limepungukiwa na watu na mali, lakini limepata nafasi ya kukaa kama mgeni mwenye adabu katika nyumba ya watu, badala ya kukaa kama mtekaji.

Kanisa kuu la Ketchaoua lilirudishwa kwa Waislamu, naye akaafiki. Tarehe 2 Novemba 1962 ilisaliwa humo sala ya Ijumaa ya kwanza baada ya miaka 130, na aliyehutubu alikuwa Sheikh Bashir al-Ibrahimi, mrithi wa bin Badis katika Jumuiya ya Maulamaa, mzee aliyefungwa na kuhamishwa na wakoloni. Wazee walilia. Askofu Mkuu alihamishia kiti chake katika kanisa jipya la mjini, na makanisa mengine mengi yaliyokuwa hayana watu yakaachwa yatumike kwa misikiti, maktaba na haja nyingine za wananchi.

Watawa na mapadri waliobaki aliwataka watumike katika shule, hospitali na vyuo vya taifa jipya, na wajifunze Kiarabu. Mwaka wa 1965 alichukua uraia wa Aljeria, na katika Februari ya mwaka huo huo Papa Paulo wa Sita alimfanya Kadinali. Alishiriki katika Mtaguso Mkuu wa Vatikani, ambao mwaka wa 1965 ulitoa tamko la kuwataka Wakatoliki wawatazame Waislamu kwa heshima kwa kuwa wanamwabudu Mungu Mmoja. Mambo ambayo wengi walianza kuyasikia mwaka ule, yeye alikuwa ameyaishi miaka kumi na zaidi. Serikali ya Aljeria ilipochukua shule zote za watu binafsi mwaka wa 1976, zikiwamo za kanisa, alihuzunika, lakini hakugeuka kuwa adui wa nchi aliyoichagua.

Sifa yake ilivuka mipaka. Desemba 1979, Wamarekani walipokuwa wameshikwa mateka katika ubalozi wao Tehran, Kadinali Duval alikuwa miongoni mwa viongozi wachache wa dini walioruhusiwa kuingia kuwasalisha Krismasi. Mateka hao waliachiliwa Januari 1981 kwa upatanishi wa Aljeria.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Mwaka wa 1988 aliacha kazi ya uaskofu kwa uzee, akakaa karibu na kanisa la Notre-Dame d'Afrique, lililo juu ya kilima kinachoitazama bahari ya Algiers. Ndani ya kanisa hilo imeandikwa dua ya kumwomba Bibi Maryamu awaombee Wakristo na Waislamu pamoja. Waislamu hawaombi kwa njia hiyo. Lakini aliyeandika aliwakumbuka majirani zake kwa heri.

Uzee wake haukuwa wa raha. Katika miaka ya 1990 Aljeria ilitumbukia katika vita vya ndani, na maelfu kwa maelfu ya Waislamu wakauawa, wakiwamo maimamu waliokataa kuhalalisha damu. Wageni na watawa nao waliwindwa. Desemba 1994 Mapadri Weupe wanne waliuawa Tizi Ouzou. Wengi walimshauri Kadinali aondoke, akakaa.

Kulikuwa na nyumba ya wamonaki katika milima ya Tibhirine, karibu na Médéa. Mwaka wa 1963 wakuu wa shirika lao walitaka kuifunga, na Duval ndiye aliyepinga kwa nguvu mpaka ikabaki. Wamonaki hao walilima pamoja na wanakijiji, na mmoja wao, tabibu mzee aitwaye Luc, aliwatibu watu wa pande zile tangu mwaka wa 1946. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 1996 saba kati yao walichukuliwa kwa nguvu. Kundi la G.I.A. lilitangaza baadaye kuwa limewaua, ingawa namna ya kufa kwao imebaki jambo la mabishano. Mabaki yao yalipatikana tarehe 30 Mei 1996. Siku hiyo hiyo Kadinali Duval alifariki, naye ana umri wa miaka 92.

Tarehe 2 Juni jeneza lake liliwekwa pamoja na majeneza ya wamonaki saba katika kanisa la Notre-Dame d'Afrique. Waliohudhuria hawakuwa Wakristo tu; Waislamu wa Algiers walikuwapo, katika siku ambazo kuonekana mahali kama pale kulikuwa ni hatari. Alizikwa hapo hapo kilimani, katika ardhi ya Aljeria.

MAFUNZO YA MAISHA HAYA

Waislamu wa nchi hizi za Maziwa Makuu ni wachache kati ya wengi, kama Wakristo wa Aljeria walivyo wachache kati ya wengi. Mara nyingi wameonja kudharauliwa kwa ajili ya majina yao. Basi maisha ya Duval yana mambo mawili kwao.

La kwanza ni kwamba wachache hawapati heshima kwa kujikomba kwa wenye nguvu, wala kwa kujitenga na majirani, bali kwa kushika dini yao waziwazi na kuwa wakweli katika haki za watu wote. Duval hakupunguza chochote katika imani yake ili apendwe na Waislamu, nao hawakumtaka afanye hivyo.

La pili ni zito zaidi. Ni jambo jepesi kukemea dhuluma wanayotendewa jamaa zako. Kila kabila na kila dini wana wasemaji wa namna hiyo. Mtihani ni pale dhuluma inapotendwa na jamaa zako, kwa jina lako, na wanatazamia ukae kimya. Siku hiyo ndiyo Qur'ani ilipowataka Waislamu wasimame kwa haki hata juu ya nafsi zao na wazazi wao. Askofu huyu aliyatenda hayo kwa upande wake, na Mwislamu asiyeyatenda kwa upande wake ana la kujiuliza.

Hukumu ya waja katika Akhera ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, wala hakuna mwanadamu aliyepewa funguo zake. Lakini ushahidi wa yaliyotendeka hapa duniani ni amana iliyo mikononi mwa watu. Watu wa Kasbah waliutoa ushahidi wao walipopanda kilima kile tarehe 2 Juni 1996, na maandishi haya yanaufikisha kwa watoto wa Waislamu wa huku.